Samaki Wenye Kinga

Bango lilikuwa limeshachapishwa kabla mtu yeyote hajamuuliza Dkt. Paulina Ndahani kama samaki wenyewe wapo. Alilikuta Jumatatu asubuhi limetandazwa sakafuni kwenye ukumbi wa kituo cha utafiti, refu mita sita, mafundi wamelipigia magoti wakilitoboa matundu ya kamba. Upande wa kulia palikuwa na picha ya mgeni rasmi. Upande wa kushoto palikuwa na picha ya sato mnene. Katikati, kwa maandishi mekundu: SAMAKI WENYE KINGA, VIJANA WENYE AJIRA. Paulina alisimama akalisoma mara mbili. Yule sato alimjua. Alimpiga picha mwenyewe mwaka jana, tangi namba sita, wiki tatu baada ya kumchoma sindano yenye virusi.

Paulina alikuwa mtafiti wa magonjwa ya samaki, na ukimsikia mtu anacheka kwamba Dodoma nayo ina samaki, ujue hajafika Dodoma miaka ya karibuni. Siku hizi mtu anabomoa banda la kuku Miyuji anachimba bwawa, anatandika turubai jeusi, anafungulia maji ya kisima, na baada ya miezi sita anauzia majirani sato wa kukaanga. Katika hayo yote Paulina alishughulika na kitu kimoja tu, kirusi kinachoua sato. Kikiingia bwawani, wiki ya kwanza samaki wanaacha kula. Wiki ya pili macho yanawatoka na magamba yanabanduka. Wiki ya tatu mwenye bwawa anazoa mizoga kwa toroli. Ila si wote wanaokufa. Wachache hubaki, na damu ya hao wachache ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Kwa miaka mitatu aliwazalisha waliobaki, akawaambukiza watoto wao, akawazalisha watoto waliopona, akawaambukiza wajukuu. Kila mara alichota damu kidogo mkiani na kupima kingamwili, yaani zile silaha ambazo mwili hujitengenezea dhidi ya ugonjwa uliokwisha kuuonja. Katika kizazi cha kwanza walikufa saba kati ya kila kumi. Katika kizazi cha tatu walikufa wawili. Ilikuwa kazi nzuri, alijua ni nzuri, na hapo ndipo alipojikwaa. Mwezi wa tano alialikwa redioni. Mtangazaji akamuuliza, "Kwa hiyo Daktari, samaki wako sasa hawafi?" Naye, kichwa kimemvimba kidogo, akajibu, "Wana kinga." Akanyamaza hapo hapo, kwa sababu lilisikika vizuri.

Nusu ya pili hakuisema. Hakusema kwamba samaki aliyepona anaweza kukaa na kirusi ndani ya ini na ubongo wake kwa miezi na miezi, mnene, anakula, anarukaruka, na siku akisumbuliwa na safari au joto anakimwaga majini kwa wenzake ambao hawajawahi kukiona. Ile nusu ilikuwa ndefu, na dakika za kipindi zilikuwa zimekwisha.

Alipanda ngazi mbili mbili hadi ofisi ya mkurugenzi.

Dkt. Raphael, mkurugenzi wa kituo, hakuwa mtu mbaya. Tuseme hivyo mapema ili tusionekane tunamwonea. Alikuwa msomi wa vyakula vya mifugo ambaye hajagusa kifaa cha maabara miaka kumi na miwili, na kipaji chake kimoja kikubwa kilikuwa kupokea wageni. Alijua nani akae kiti gani, nani atajwe kabla ya nani, na chupa ya maji iwekwe upande gani wa kipaza sauti.

"Umeliona bango?" akauliza, uso umemchangamka.

"Nimeliona. Hao samaki wa kugawa Ijumaa wanatoka wapi?"

"Tuliagiza vifaranga elfu tatu kwa mtu. Gari likaharibika njiani, wamekufa wote juzi. Nilishikwa na kichwa usiku kucha, nakwambia. Halafu nikakumbuka, kumbe Paulina anao."

"Wangu wana virusi."

"Wana kinga. Nimekusikia redioni kwa masikio yangu, nilikuwa kwenye gari."

"Wana kinga na wana virusi, Mkurugenzi, vyote kwa pamoja. Kirusi hakiwaui wao. Kitaua bwawa lolote watakaloingia."

Raphael alimtazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mgonjwa anayekataa dawa. "Samaki ana afya kuliko mimi na wewe, halafu unaniambia mgonjwa?"

"Sikusema mgonjwa. Nimesema anao ndani yake."

"Sasa sikiliza. Ratiba imeshapelekwa ofisi ya mheshimiwa. Imeshagongwa muhuri. Saa tano kamili, mgeni rasmi anakabidhi vifaranga kwa wanufaika ishirini. Unataka nikawaambie nini? Kama una wasiwasi wa kitaalamu, andika dokezo."

Msomaji ambaye hajafanya kazi ofisini aelezwe. Ratiba ikishagongwa muhuri na kufika ofisi ya mheshimiwa, hata mvua huombwa isubiri. Vyoo vilivyokaa miaka bila mlango vinapata mlango. Mawe ya kandokando ya njia yanapakwa chokaa. Mtu anayekuja kusema kwamba lile jambo lenyewe lililowekwa kwenye ratiba litaangamiza watu anaonekana ana chuki binafsi.

Paulina aliandika dokezo sabili, ile karatasi ya ndani inayopanda kwa mkubwa na kurudi na jibu pembeni. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili, akaipunguza ikawa moja, maana alijua ukurasa wa pili hausomwi. Aliandika kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la nne angeelewa: samaki hawa wasitoke kituoni, wakitoka mabwawa yatakufa, mvua zikinyesha mabwawa yatafurika kwenye makorongo, makorongo yataingia bwawa kubwa la Hombolo, na kule hakuna atakayeweza kuzuia tena. Lilimrudia Jumatano mchana. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, palikuwa na maneno matatu: *Nimeona. Utekelezaji uendelee.*

Alilitupa mezani likateleza hadi sakafuni. Miaka ishirini ya shule na kazi, mikono imejaa makovu ya miiba ya mapezi, na mtu ameona! Alipiga simu ofisi ya juu. Sauti tamu ikamwambia apitishe suala lake kwa mkurugenzi wake. Alipiga tena, sauti ile ile ikamkumbusha kufuata ngazi. Alikata simu akaitukana ile simu kwa Kigogo, matusi aliyoyasikia kwa shangazi yake na ambayo hakudhani bado anayakumbuka.

Jioni ile orodha ya wanufaika ilibandikwa ubaoni. Namba moja, wa kupokea mfuko wa kwanza kwa mkono wa mgeni rasmi, alikuwa Mzee Bartolomayo Chidawali wa Nkuhungu.

Basi huyo Bartolomayo ndiye chanzo cha yote. Miaka mitatu nyuma bwawa lake lilikuwa la kwanza kuangamia. Katika samaki elfu mbili walibaki kumi na tisa, naye akampa Paulina wote kumi na tisa kwenye ndoo ya rangi. Samaki wote wa matangini walitokana na ndoo ile. Alhamisi asubuhi Paulina aliwasha gari akaenda Nkuhungu.

Alimkuta mzee amevua viatu, anasukasuka maji ya bwawa kwa mti mrefu. Maji yalikuwa ya kijani, kijani hasa, kama inavyotakiwa. Alikuwa ameyarutubisha kwa samadi ya mbuzi ili vifaranga wakija wakute chakula. Turubai lilikuwa jipya. Kwenye kamba ya nguo lilining'inia koti moja la suti, limepigwa pasi.

"Mbukwa, mwanangu!" mzee akaita.

"Mbukwenyi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo uone. Tia mkono, tia, uone joto lake. Kesho mheshimiwa ananikabidhi, keshokutwa hapa pana samaki."

Paulina alitia mkono. Maji yalikuwa safi, yasiyo na ugonjwa wowote. Akamweleza. Safari hii alieleza nusu zote mbili, ya kinga na ya virusi, polepole, akirudia. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, mti ameushika wima. Alipomaliza, mzee aliuchomoa ule mti majini akaulaza chini.

"Mwaka ule," akasema, "nilizoa samaki kwa toroli siku nne. Mke wangu mpaka leo hali samaki, harufu bado anayo puani. Nikakupa wale kumi na tisa. Ungeniomba na toroli ningekupa. Ukaniambia, mzee, usitie samaki wengine, subiri kwanza nijue. Nikasubiri. Miaka mitatu shimo tupu, watu wananiuliza kama nachimba kaburi. Majuzi nakusikia redioni, wana kinga. Nikamwita mke wangu, njoo usikie, ni wale samaki wetu hao. Akalia. Leo unaniambia nisiwapokee?"

"Ndiyo, mzee."

"Mheshimiwa ananinyooshea mfuko mbele ya kamera, mimi nirudishe mikono nyuma?"

"Upokee. Halafu usiwatie majini. Uwafukie."

"Na majirani watakaokuja kuona? Nitawaonesha kaburi?" Sauti ilianza kumpanda. "Na wale wengine kumi na tisa kwenye orodha, wa Bahi, wa Chamwino, umewaambia nao wafukie?"

Hakuwa amewaambia. Alijua pia kwamba hata akiwaambia, hakuna atakayefukia samaki hai, wanene, aliopewa kwa shangwe. Nani angefanya hivyo? Yeye mwenyewe asingefanya.

"Kwa hiyo uliongopa redioni," mzee akasema, "au unaongopa leo. Chagua moja nijue."

"Sikuongopa. Redioni sikumaliza."

"Basi ungemaliza!"

Mzee alimsindikiza hadi barabarani, maana adabu ni adabu, lakini mkono hakumpa. Paulina aliketi kwenye gari kwa muda bila kuliwasha. Alimkasirikia Raphael, akamkasirikia yule mwenye sauti tamu, akamkasirikia mtangazaji na dakika zake. Halafu akafika kwa mtu aliyesema "wana kinga" akanyamaza kwa sababu lilisikika vizuri, na huyo alimkasirikia kuliko wote.

Njiani alipitia mjini, kwenye duka la viungo la Hiral. Mafuta ya karafuu ndiyo dawa ya usingizi ya samaki. Matone machache kwenye ndoo, samaki analegea, unamchota damu, unamrudisha kwenye maji safi anaamka. Ukiyazidisha haamki. Kituoni ilibaki chupa moja tu. Alinunua zote zilizokuwa kwenye rafu, na Hiral akashangaa.

"Daktari, meno yote yanauma?"

"Yote," Paulina akasema.

Bado alikuwa hajakata shauri. Alikuwa na wazo moja la mwisho. Matangi namba moja na mbili yalikuwa na samaki mia mbili ambao hawajawahi kuambukizwa. Walikuwa watoto wa wazazi wenye kinga, waliototolewa kwa mayai yaliyosafishwa, wakapimwa mara kwa mara, wasafi. Hao ndio walikuwa tumaini lake lote. Mwaka mmoja zaidi wa vipimo, na kama urithi wa wazazi wao ungeonekana kweli, angekuwa na samaki wa kumpa Bartolomayo bila kumficha nusu yoyote. Yeye na fundi wake, Mbwana, walikuwa na desturi: hawaingii kwenye chumba cha matangi hayo mawili bila kubadilisha viatu na kunawa hadi viwikoni. Alifikiri atamwomba Raphael agawe angalau hao mia mbili, kumi kumi kwa kila mtu. Ingemuuma, lakini wasingeua bwawa la mtu.

Aliingia kwenye nyumba ya matangi saa tisa mchana. Tangi namba moja lilikuwa tupu, na la pili pia. Mbwana, mtu mzima wa Pangani aliyekuwa amefanya kazi na samaki tangu kabla Paulina hajamaliza sekondari, alikuwa amesimama kando ya tangi kubwa la katikati, nyavu mkononi, macho ameyainamisha.

"Mbwana. Samaki wa moja na mbili wako wapi?"

Akaonesha kwa kidevu. Tangi kubwa lilikuwa linachemka migongo.

"Mkurugenzi alikuja mwenyewe, Daktari. Akasema wote wawekwe pamoja, wahesabiwe, kesho asubuhi iwe kupakia tu. Nikamwambia, hawa hata viatu tunabadilisha kabla ya kuwaingilia. Akasema samaki ni samaki."

"Na wewe ukawachanganya?"

"Alisimama hapo hapo ulipo wewe, mpaka nikamaliza."

Paulina aligeuza ndoo akaikalia. Mia mbili wasafi walikuwa wakiogelea bega kwa bega na elfu mbili na mia saba wenye virusi, wakivuta maji yale yale, na hakuna mtu duniani angeweza kuwatenga tena. Samaki ni samaki! Alirudia maneno hayo kimoyomoyo mpaka yakakosa maana. Alipoinuka kwenye ile ndoo alikuwa ameshakata shauri.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, jua ndiyo kwanza linagusa mabati, alizima pampu ya hewa, akaanza kufungua chupa moja moja. Harufu ikajaa nyumba nzima, harufu ya pilau ya harusini. Alikuwa kwenye chupa ya nne aliposikia mlango.

"Nenda nyumbani, Mbwana," akasema bila kugeuka. "Wewe hukuwepo."

Mbwana aliangalia tangi, akaangalia chupa, akavua saa yake akaitia mfukoni. "Ndoo za klorini utabeba peke yako?"

Samaki walianza kwenda kasi, halafu wakapunguza, halafu wakalala ubavu mmoja mmoja, matumbo meupe yakaonekana, matamvua yakafunguka na kujifunga, mara chache, mara chache zaidi. Paulina alikuwa akilia na kufoka kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza isipokuwa Mbwana, na matusi yenyewe yalikuwa ya Kigogo. Waliwatoa kwa nyavu, wakawabeba kwa toroli hadi shimo la nyuma ya jenereta, toroli baada ya toroli, wakawamwagia chokaa. Kisha wakatia klorini kwenye tangi mpaka macho yakawachoma. Saa mbili kasoro kila kitu kilikuwa kimekwisha. Kwenye friji ya maabara zilibaki chupa ndogo za damu na madaftari ya vipimo, na hayo hayazai.

Raphael aliingia saa mbili na robo, suti ya kijivu, beji kifuani. Alisimama mbele ya tangi lenye maji matupu.

"Umefanya nini?"

"Nimewaua."

"Wote?"

"Ulishawachanganya wote. Ningewabakisha wapi?"

"Paulina, huu ulikuwa utafiti wa kituo! Si shamba la mama yako! Unajua unakoelekea? Unajua kamati ya nidhamu?"

"Naijua. Niandikie dokezo."

Paulina alikuwa amekuwa mbogo, na kwa mara ya kwanza wiki ile Raphael alirudi nyuma hatua moja. Hata hivyo kipaji ni kipaji. Macho yake yalianza kuhangaika, yakatoka dirishani, yakavuka uwanja ambako mahema yalikuwa yameshasimamishwa na viti kufungwa vitambaa, yakatua mbele ya jengo la utawala. Pale palikuwa na kidimbwi cha maua chenye yungiyungi na bomba la kurusha maji, na ndani yake sato wachache waliowekwa kupendezesha.

"Wale pale," akasema polepole. "Wale nao wana virusi?"

"Hawana. Hawajawahi kukutana na hawa. Nawapima kila mwezi."

"Wako wangapi?"

"Kumi na sita."

Raphael alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Wanatosha," akasema, na rangi ikamrudia usoni. "Kwa picha wanatosha."

Paulina alikitazama kile kidimbwi. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji elfu tatu. Hakuna aliyewahi kuwahitaji. Ilihitajika mifuko, maji, oksijeni, na kitu kimoja kinachotingisha mkia mbele ya kamera.

"Ungeniambia Jumatatu kwamba unataka picha!" akafoka.

"Na wewe ungeniambia Jumatatu kwamba kuna wale wa kwenye maua," Raphael akajibu, naye kwa hasira, na akatoka haraka kumtafuta mtu mwenye nyavu.

Mgeni rasmi alifika saa sita kasoro dakika kumi. Mshereheshaji akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia tena kwa robo saa. Kwaya ikaimba. Ngoma ya Kigogo ikachezwa, mgeni rasmi akainuka akatikisa mabega kidogo, watu wakapiga vigelegele. Taarifa ya kitaalamu ya dakika tatu, iliyokuwa ya Paulina, ilifutwa kutokana na ufinyu wa muda. Yeye mwenyewe alikaa safu ya mwisho kwenye kiti kisicho na kitambaa, mikono inanuka klorini na karafuu. Hakuna aliyemwambia aondoke, na yeye hakutaka kuondoka. Alitaka kuona mpaka mwisho.

Mifuko ililetwa kwenye meza yenye shuka la buluu. Ilikuwa mifuko mikubwa ya nailoni, imejazwa hewa ikavimba, na ndani ya kila mmoja alizunguka samaki mmoja. Ilikuwa kumi na sita. Wanufaika wanne wa mwisho walipewa kofia.

"Hawa," mgeni rasmi akasema kwenye kipaza sauti, akiinua mfuko wa kwanza juu, "ndio samaki wenye kinga!" Makofi yalirindima. Hakuwa anaongopa, maskini. Alisoma alichoandikiwa.

Mzee Bartolomayo aliitwa. Alikuja na lile koti lake la pasi, akapeana mkono, akapokea mfuko kwa mikono miwili, akageukia kamera kama alivyoelekezwa. Mke wake alipiga kigelegele kutoka kwenye hema la wageni. Halafu mzee, badala ya kwenda kusimama kwenye mstari, aliuinua mfuko kwenye mwanga akachungulia. Akaugeuza upande wa pili. Akachungulia tena. Akashuka jukwaani akapita katikati ya viti, mfuko ameukumbatia kifuani, hadi safu ya mwisho, akasimama mbele ya Paulina.

"Wale wengine wako wapi?"

Watu walianza kugeuza shingo. Paulina aliinuka, maana hakutaka kumjibu mzee akiwa amekaa.

"Nimewaua, mzee. Leo asubuhi, kwa mikono yangu."

"Wote? Wale wa ndoo yangu?"

"Wote. Na watoto wao na wajukuu. Walikuwepo mia mbili wasio na ugonjwa, hao nilikuwa nakutunzia wewe. Walichanganywa jana. Nikawaua na hao."

Paulina alisubiri atukanwe, na angeshukuru kutukanwa. Alikuwa na majibu tayari, ya Hombolo, ya mabwawa kumi na tisa mengine, ya toroli siku nne, na alikuwa ameyanoa tangu alfajiri.

"Na huyu?" mzee akauliza. "Huyu ni mzima?"

"Huyu mzima kabisa. Mtie bwawani bila wasiwasi."

Mzee alitazama mfuko. Samaki alizunguka akagonga nailoni kwa mdomo, akazunguka tena.

"Nimechimba bwawa la samaki elfu mbili," akasema, na sasa sauti yake ilisikika hadi meza kuu. "Nimelitia samadi. Nimesubiri miaka mitatu. Haya, niambie, wewe ndiye msomi. Huyu mmoja atazaa na nani?"

Kwenye spika mshereheshaji alikuwa akimsihi mzee arudi kwenye mstari, kwa heshima kubwa, mheshimiwa anasubiri, picha ya pamoja bado haijapigwa. Mzee hakugeuka. Alisimama pale pale na mfuko wake, macho kwa Paulina, akisubiri ajibiwe.